Kipande Shingoni, Hati Mezani

Sogeeni karibu, vijana. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina treni, ina Mwingereza mmoja aliyekuwa na shamba ambalo huwezi kulizunguka kwa miguu kuanzia alfajiri hadi magharibi, ina wakulima wa milimani waliokataa kutia kidole, na ina karatasi. Karatasi nyingi kuliko mnavyodhani.

Wengi wenu mmeona picha za Marekani ya zamani: bomba la maji la wazungu upande huu, la weusi upande ule. Mwalimu amewasimulia habari za Rosa Parks, mama aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi mjini Montgomery mwaka 1955. Halafu mnaniuliza: na hapa kwetu Nakuru, mambo kama hayo yalikuwepo?

Yalikuwepo, tena bila haya. Kwenye treni, daraja la kwanza lilikuwa la wazungu, la pili Wahindi, la tatu Waafrika waliobanana na vikapu vyao. Vyoo vya stesheni viligawanywa kwa rangi ya ngozi. Kwenye klabu za walowezi Mwafrika aliingia kubeba sinia, si kuketi. Wazungu walijenga Milimani, kwenye hewa safi ya mteremko wa Menengai. Wahindi waliishi karibu na maduka yao. Waafrika wakaachiwa Bondeni na kota za reli. Hata hivyo nawaambia mapema, msije mkadhani hadithi yenyewe ni vyoo na viti. Hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa ardhi, nalo lilifungwa kwa sheria iliyoandikwa, ikapigwa mhuri, ikawekwa kabatini.

Turudi nyuma kidogo. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imemwaga mamilioni ya pauni kuijenga, na treni inayorudi pwani mabehewa matupu haimlipi mtu. Ikaamuliwa kwamba nchi ya juu, yenye baridi na udongo mzuri, igawiwe walowezi wa Kizungu walime, wasafirishe mazao, reli ijilipe yenyewe. Shida ilikuwa moja: nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Kuanzia Naivasha hadi Nakuru na kuendelea, Wamaasai walikuwa wakilisha ng'ombe wao.

Mwaka 1904 ukaandikwa mkataba. Kwa upande wa Wamaasai alikuwepo Olonana na wazee wengine. Walitakiwa waondoke Bonde la Ufa, baadhi waende Laikipia, baadhi waende kusini mwa reli, nao wakaahidiwa kwamba makubaliano hayo yangedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Yalidumu miaka 7. Mwaka 1911 serikali ikaitaka Laikipia nayo, ikaleta mkataba mwingine, na watu wakaanza kuswagwa kuelekea kusini pamoja na wanyama wao na wazee wao.

Hapo ndipo pananivutia mimi. Wamaasai, watu ambao vitabu vya wakoloni vilipenda kuwachora na mikuki tu, walikwenda mahakamani. Kiongozi wao wa kaskazini, Parsaloi ole Gilisho, aliwaunga mkono waliofungua kesi, wakatafuta wakili. Kesi inajulikana kwa jina la Ole Njogo, na hukumu ilitoka mwaka 1913. Majaji hawakusema kwamba mkataba wa 1904 haukuvunjwa. Walisema hivi: Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza, ni watu wa nje waliowekeana mkataba na serikali, na mambo ya mkataba wa namna hiyo mahakama haina ruhusa ya kuyaamua. Sikilizeni tena polepole. Ulipofika wakati wa kutoa ardhi, walionekana kuwa chini ya serikali. Ulipofika wakati wa kudai, wakawa wageni.

Huku nyuma karatasi nyingine zilikuwa zikiandikwa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliruhusu mlowezi kukodisha shamba kwa miaka 99. Lord Delamere alipata hapo Njoro ekari 100,000. Ndilo lile shamba nililowaambia halizungukiki kwa siku moja. Walowezi walilalamika kwamba miaka 99 ni michache, eti mtu hawezi kupanda mti akiwa na wasiwasi. Basi ikatungwa sheria mpya mwaka 1915 iliyofanya miaka iwe 999. Chukueni kalamu mpige hesabu. Mtu aliyepewa hati mwaka huo aliahidiwa shamba hadi mwaka 2914, na mimi sijui ni mjukuu wa ngapi huyo aliyekuwa akiwekewa akiba.

Sheria hiyohiyo ilimpa gavana uwezo wa kuzuia ardhi isitoke kwa mtu wa rangi moja kwenda kwa mtu wa rangi nyingine. Haikuhitaji kibao cha mlangoni. Ukiwa Mwafrika au Mhindi, hata ungekuwa na gunia la rupia, hati ya shamba la Nyanda za Juu, yaani ile nchi ya juu, haikuandikwa kwa jina lako. Wahindi hawa ndio ambao ndugu zao waliitandika ile reli, wengine wakaliwa na simba kule Tsavo. Waliruhusiwa kufungua duka Nakuru wamuuzie mlowezi sukari na misumari, lakini kununua konde lake, hapana. Walipopeleka malalamiko yao Uingereza, jibu lilikuja mwaka 1923 katika tamko linalojulikana kwa jina la waziri Devonshire. Tamko lilisema kwamba katika Kenya masilahi ya Waafrika ndiyo yatangulizwe. Maneno mazuri, lakini palepale likaacha Nyanda za Juu mikononi mwa wazungu. Mwaka 1939 mipaka yake ikachorwa rasmi kwa amri iliyotoka London.

Sasa mlowezi ana ekari elfu kadhaa, na mikono ana miwili. Nani atalima?

Jibu la kwanza lilikuwa kodi. Ilianza kodi ya nyumba, ikafuata kodi ya kichwa mwaka 1910, na zote zilitakiwa kwa pesa taslimu. Mtu mwenye mbuzi na mtama lakini hana pesa ilimbidi aende kwa mwenye pesa. Jibu la pili lilikuwa kipande.

Ninyi mkifikisha miaka 18 mtakwenda kuchukua kitambulisho, mtapigwa picha, mtalalamika kwamba picha imetoka vibaya. Kijana wa umri wa miaka 16 baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, kabila lake, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikebe cha chuma chenye kamba, na kikebe kikavaliwa shingoni. Sheria ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kuuma hasa kuanzia 1919 na 1920. Wanaume walisema wamefungwa kengele kama mbuzi. Ukikutwa bila hicho kikebe, faini au jela. Ukitaka kuacha kazi kwa sababu unapigwa au hulipwi, mwajiri ilibidi atie sahihi kwamba amekuachia. Asipotia, wewe ni mtoro na polisi wanakutafuta kwa namba yako hadi kwenu. Mzungu hakuvaa. Mhindi hakuvaa. Sheria ilikuwa ya Mwafrika peke yake, na hapo ndipo unapoijua sheria ya kibaguzi: huisomi kwa makali yake, unaisoma kwa kuangalia imemruka nani.

Mwaka 1921 kijana karani aliyeitwa Harry Thuku alianza kuwakusanya watu Nairobi kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922. Umati ukaenda kituo cha polisi kumdai, na wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea mbele ya watu wote, wanawake wakasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru ni mmoja wa waliouawa siku hiyo. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu. Kipande kikabaki shingoni kwa miaka mingine 25.

Kilipoondolewa mwaka 1947, sheria mpya ilitaka watu wa rangi zote waandikishwe na waweke alama za vidole. Hapo mngesikia kelele! Walowezi waliona wanafanywa wahalifu kwa kupakwa wino vidoleni. Serikali ikalegea: anayejua kusoma na kutia sahihi kwa Kiingereza akaruhusiwa kuleta picha badala ya vidole.

Lakini nimekimbia mbele. Rudini nami mashambani, Njoro, Elburgon, Molo, Subukia, Bahati. Huko kulikuwa na watu walioitwa maskwota. Familia ilipewa kona ya shamba la mzungu ijenge, ilime mahindi yake, ifuge mbuzi na ng'ombe wake, na kwa malipo ya hiyo kona ikafanya kazi kwa mwenye shamba. Sheria ya 1918 ilitaka siku 180 kwa mwaka. Wengi walikuja kwa hiari, hasa Wakikuyu kutoka Kiambu na kwingineko ambako ardhi ilikuwa imebanwa. Wakipsigis na Wanandi pia walikuwepo. Kwa miaka michache mambo hayakuwa mabaya. Skwota hodari alikuwa na kundi la mbuzi, mke wake ana ghala lililojaa, na mlowezi mvivu anamtegemea yeye kuliko anavyokiri.

Hicho ndicho kilichowaudhi walowezi. Mwafrika mwenye ng'ombe wengi hana haraka ya kuchukua kibarua cha shilingi chache. Katika miaka ya 1920 wakaanza kuwalazimisha maskwota wauze au waondoe mifugo yao. Watu wakakiita kipindi hicho kifagio. Kisha ikaja sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, ikazipa halmashauri za walowezi wenyewe uwezo wa kuamua skwota afuge wangapi, alime ekari ngapi, afanye kazi siku ngapi. Siku zikapanda hadi 240, mahali pengine 270. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Njoro, asiyejua kwingine, kisheria hakuwa na haki hata ya kaburi la babu yake. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 watu wapatao 200,000 walikuwa wakiishi hivyo.

Na watoto wao walisoma wapi? Wengi hawakusoma, au walisoma kwenye vishule vya nyasi na udongo walivyojijengea wenyewe. Hapo hapo Njoro, mwaka 1939, Lord Maurice Egerton alianzisha shule ya kilimo. Ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton, na najua baadhi yenu mna kaka na dada wanaosoma pale.

Mahali ambapo watu walisema basi, inatosha, palikuwa Olenguruone, juu kwenye Mau, kwenye baridi na ukungu. Mwaka 1941 serikali ilianza kuwaweka huko maelfu kadhaa ya Wakikuyu waliokuwa wamefukuzwa kwingine. Wao walielewa kwamba wanapewa ardhi iwe yao, badala ya ile waliyonyang'anywa zamani. Serikali ilielewa vingine: ninyi ni wapangaji, mtalima tunavyosema, na mtatia kidole kwenye masharti. Wakakataa masharti, wakakataa kutia kidole. Wakashtakiwa, wakashindwa kesi, wakaendelea kulima. Wakala kiapo cha umoja, na jambo geni ni kwamba hawakuapa wazee peke yao kama ilivyokuwa desturi. Waliapa wanaume, wanawake na watoto. Serikali ikakamata mifugo, ikachoma nyumba, na kati ya 1948 na 1950 ikawapakia kwenye malori ikawatupa Yatta, nchi kame ambako mahindi yao yangenyauka. Habari zao zikaenea kutoka shamba hadi shamba. Kiapo kile nacho kikaenea. Wanahistoria wengi huanzia hapo wanapoeleza namna Mau Mau ilivyoshika mizizi katika Bonde la Ufa, kabla hali ya hatari haijatangazwa Oktoba 1952.

Niongeze neno moja hapa, kwa sababu nyumbani kwenu huenda hamjalisikia. Ile ardhi ya Olenguruone kabla ya hapo ilikuwa ya Wamaasai, na misitu inayoizunguka ilikuwa ya Waogiek. Serikali iliwafidia Wakikuyu kwa mali ya wengine. Na kwa kuwa ilikabidhi kila kabila hifadhi yake na kumwandikia kila mtu kabila lake kwenye kipande, iliwafundisha watu kuulizana "kwenu ni wapi?" kwa sauti ya polisi. Swali hilo likaulizwa tena Olenguruone na Molo mwaka 1992, na Nakuru mjini Januari 2008, na mnajua liliulizwa kwa panga.

Hali ya hatari siisimulii leo. Ina hadithi yake ndefu. Twende London, Januari 1960. Wajumbe wa Kiafrika wamekaa Lancaster House kujadili katiba, na pembeni yao kuna mshauri Mmarekani mweusi, mrefu, mcheshi. Ni Thurgood Marshall, yule wakili aliyeshinda kesi ya 1954 iliyokataza kutenganisha watoto wa shule kwa rangi kule Marekani. Tom Mboya ndiye aliyemwalika. Kabla ya mkutano Marshall alipita Kenya, akaenda Kiambu kwenye mkutano wa siasa, ofisa wa serikali akamzuia kuhutubia. Akaomba asalimie kwa neno moja tu. Akapanda, akapaza sauti: "Uhuru!" Umati ukalipuka. Sijui ofisa yule aliandika nini kwenye ripoti yake, ila ningelipa nauli kwenda kuisoma.

Kazi ya Marshall ilikuwa kuandika rasimu ya haki za binadamu. Fikirini kinaya chake. Mtu huyu anaiandikia Kenya kwamba asibaguliwe mtu kwa rangi yake, na kwao kuna hoteli ambazo hazimpi chumba. Sheria ya haki za kiraia ya Marekani ilipitishwa Julai 1964, karibu miezi 7 baada ya bendera ya Kenya kupandishwa. Pia aliyekuwa anahitaji kulindwa Kenya safari hii ni mzungu na Mhindi, wachache kati ya wengi. Marshall hakuyumba. Haki ni ya wote, hata ya aliyekunyima. Kwa hiyo rasimu yake ililinda mali: serikali haiwezi kuchukua shamba la mtu bila kumlipa fidia. Katiba ya uhuru nayo ikabeba ulinzi huo. (Wasichana, ubaguzi wa jinsia haukutajwa kwenye kifungu cha kukataza ubaguzi, uliongezwa mwaka 1997.)

Mwaka huohuo wa 1960 amri mpya ya ardhi ilifuta kizuizi cha rangi. Nyanda za Juu hazikuwa tena za wazungu peke yao. Na tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta, aliyekuwa kifungoni na kizuizini karibu miaka 9, alisimama katika ukumbi wa mji wa Nakuru mbele ya mamia ya walowezi. Walikuja wakiwa na hofu. Akawaambia tusameheane yaliyopita, wabaki, walime, wajenge nchi. Mkutano uliisha wakiitikia "Harambee!" pamoja naye.

Mimi huupenda mkutano ule, na papo hapo hunikera. Kwa sababu skwota hakuwepo ukumbini. Sasa sheria ilimruhusu kununua shamba, kwa bei, na pesa hana. Serikali ilikopa, Uingereza ikatoa sehemu, mashamba yakanunuliwa kutoka kwa walowezi yakakatwa vipande, na mkulima akapewa kipande chake pamoja na deni. Alilipia kwa awamu udongo ambao baba yake aliulima siku 270 kwa mwaka. Wengine walichangishana shilingi kwa shilingi kwenye kampuni za kununua ardhi, kama Ngwataniro hapa Nakuru, na wengine hawakupata chochote. Walowezi kadhaa walibaki. Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, bado inahusishwa na jina la Delamere. Zile hati za miaka 999 zilikatwa na Katiba ya 2010: asiye raia sasa hawezi kushika ardhi zaidi ya miaka 99.

Na ile kesi ya 1913? Ina mdogo wake. Oktoba 2009 Waogiek wa Mau walipewa siku 30 waondoke msituni. Shirika lao, OPDP, pamoja na wenzao, walilipeleka shauri hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha. Safari hii hakuna jaji aliyesema hana ruhusa ya kuamua. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba serikali ya Kenya iliwabagua na kuwanyima haki ya ardhi yao, na Juni 2022 ikaagiza walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 na ardhi yao itambuliwe kwa hati. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikabomolewa tena upande wa Narok.

Walioshinda kesi hiyo wengine wanaishi Nessuit na Mariashoni. Kutoka Njoro si mbali. Likizo ikifika, chukueni daftari mwende mkawaulize. Wana mambo ya kusimulia ambayo mimi sikuwepo kuyaona.